Kumbatio Lililobaki Makere

Makere nzima wanajua: ukikutana na Immakulata njiani na una haraka, pole yako. Huyu mama hasalimii kwa mdomo tu kama watu wengine. Salamu yake ni ya mwili mzima. Anakushika mikono yote miwili hapo juu ya viwiko, anakuvuta, anakubana kifuani upande huu, anakuhamishia upande ule, na viganja vyake vinakusugua mikono juu chini, juu chini, kama anataka kuwasha moto. Hapo hapo maswali yanamiminika. Amahoro, ni amani? Urakomeye, yaani mzima kabisa? Watoto? Mama yako mguu vipi? Na yule mbuzi aliyevimba tumbo? Wewe kazi yako ni kuitikia tu, "Amahoro, amahoro," na hakuachii mpaka mbuzi wa mwisho ajuliwe hali. Bodaboda wakimwona kwa mbali wanazima pikipiki kabisa, maana wanajua petroli itaungua bure.

Salamu hiyo aliachiwa na mama yake. Mama yake alivuka kutoka Burundi mwaka ule wa sabini na mbili, Immakulata akiwa kachanga mgongoni, kafungwa na kitenge cha bluu chenye ndege wa njano. Hawakuja na sufuria wala jembe. Walikuja na kitenge na ile salamu, basi. Immakulata amekua hapa, ameolewa hapa, kalima mihogo na maharage hapa hapa, uraia kapata, ila kitenge hajawahi kukiuza wala kukitandika. Alimbeba nacho Winnie, binti yake wa pekee, halafu akakikunja akakiweka sandukuni kimsubiri mtoto wa Winnie. Ndege wa njano siku hizi wamebaki vivuli. Kitambaa chenyewe kimelainika mpaka ukikishika ni kama unashika sikio la ndama.

Shida ni kwamba mtoto wa Winnie alikuwa haji.

Winnie aliolewa Kibondo na Sylvesta, fundi wa kuchomelea mageti. Kijana mpole, hana neno. Wakakaa mwaka, wakakaa mwingine, mwingine tena. Watu midomo wanayo. Wakiwa kisimani wanamuuliza Immakulata, "Vipi, Kibondo kuna habari?" na yeye anajibu, "Kuna baridi." Akifika nyumbani anafungua sanduku, anakunjua kitenge, anakipunga nje kidogo, anakikunja tena. Mumewe, mzee Nduwayezu, anajifanya anatafuta kobazi zake ili asimwangalie.

Basi mwaka huu mwezi wa nne, mahindi yako mabichi shambani, simu ikalia. Ni Winnie, kwa video. Immakulata na simu ya kugusa bado hawajaelewana vizuri. Upande wa pili wanaona paji la uso tu, au dari. Lakini siku hiyo aliona. Aliona kitu kidogo chekundu kimekunja ngumi, kinapiga miayo.

"Mama, huyu hapa. Tumemwita Mpawenimana."

Mpawenimana, yaani nimepewa na Mungu. Immakulata alivuta simu akabusu kioo, pua ikagusa kile kitufe chekundu, simu ikakatika. Akapiga kelele, "Yoo! Baba Winnie, nimemuua!" Nduwayezu alicheka mpaka akakaa chini, na alipomaliza kucheka akawa analia, akasema ni moshi.

Kuanzia siku hiyo mama wa watu hakuwa sawa. Akimenya ndizi, mkono mmoja unabembeleza hewa. Akipita kwa jirani mwenye mtoto mchanga anaomba, "Nipe kidogo nimshike, nijizoeze." Akimrudisha ananusa viganja vyake njia nzima. Winnie aliahidi: mwezi wa saba wanampeleka mtoto Titye kwa kina Sylvesta kubatizwa, njiani watashuka Makere asubuhi, jioni waendelee. Siku moja tu, Sylvesta ana kazi za watu, na baada ya hapo mpaka Krismasi. Immakulata akasema siku moja inatosha. Kwa siku moja unaweza kumshika mtoto asubuhi mpaka jioni bila kumweka chini hata mara moja.

Akaanza maandalizi. Kwao, mwanamke akijifungua, majirani wanakuja kumhemba, yaani kumletea vyakula na pombe, wanakaa, wanakunywa, mtoto anazunguka mikononi mwa watu kama sahani ya karanga. Immakulata akavundika ndizi, akakamua, akaweka urwarwa, pombe ya ndizi, kwenye chungu kikubwa. Nduwayezu akakata mirija ya matete. Ile pombe haimiminwi kwenye vikombe. Chungu kinakaa katikati, watu wanakizunguka, mrija unapita mdomo huu unakwenda mdomo ule. Ukimnyima mtu mrija ni sawa na kumwambia toka kwangu.

Sasa mwezi wa sita ulikuwa umeshaingia na baridi yake. Asubuhi ukungu umekaa juu ya migomba, vumbi jekundu limeganda kwenye majani, watu wamevaa masweta ya mitumba mawili mawili, watoto wanatoa moshi mdomoni wanajifanya wanavuta sigara. Na humo humo kikaja kikohozi. Mwanzo wakasema ni mafua ya kiangazi, si yapo kila mwaka? Lakini haya yalikuwa na hasira. Mtu mzima anaamka mzima, mchana kichwa kinagonga, jioni viungo vyote vimelegea kama kapigwa. Nyumba moja akianza mmoja, wanamaliza wote. Darasani walimu wanafundisha viti.

Ndipo Safina akaanza kuzunguka. Safina ni mhudumu wa afya wa kijiji, mtoto wa wenye maduka Kasulu mjini, aliolewa hapa, anavaa hijabu na raba, anatembea haraka kama anadaiwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba, baada ya misa, alisimama nje ya kanisa, akapaza sauti.

"Jamani, hiki ni kirusi, kinapita kwa pumzi na kwa mikono. Mwenye mafua abaki nyumbani. Ukikohoa, koholea kwenye kiwiko. Mikono kwa sabuni. Dirisha liwe wazi hata kama kuna baridi. Wazee na watoto wachanga tuwaonee huruma, hao ndio kinawaangusha. Na kukumbatiana tupumzike kidogo. Mama Winnie, nakuangalia wewe."

Watu wakaangua kicheko. Immakulata alikuwa keshamshika mtu viwiko, akamwachia.

"Na mirija," Safina akamalizia, "msipokezane mrija, nawaomba."

Watu wa Makere ni wasikivu, msiwaone hivi. Jioni ile ile Immakulata alikuwa anaonjesha urwarwa wake, na Bazilio, jirani wa uzio kwa uzio, akafika anatembea kifua mbele. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa mrija wake mwenyewe, kauviringisha kwenye gazeti.

"Shemeji, leo nimekuja kisasa! Mrija binafsi!"

Kumbe si yeye tu. Kila aliyefika alichomoa wake. Mmoja kaufunga uzi mwekundu, mwingine kauchoma alama kwa moto usije ukachanganywa. Wakapongezana sana. Halafu wote wakapiga magoti kukizunguka kile chungu kimoja, wakatumbukiza mirija yao ya kisasa, vichwa vikagusana, wakaanza kuvuta.

Safina akapita njiani. Akasimama. Akavua raba moja akakung'uta mchanga taratibu, kama mtu anayetafuta pumzi.

"Jamani, mnafanya nini?"

"Kila mtu na wake!" Bazilio akainua mrija juu, unadondoka. "Tumekusikia, mwalimu!"

"Na chungu je?"

Safina akakinyooshea chungu kidole.

"Mmevibana vichwa kama ndama kwenye beseni. Mzee Bazilio, pumzi yako wewe inakwenda wapi, si puani kwa mama Winnie? Huo mrija haukohoi. Wewe ndiye unakohoa!"

Bazilio akacheka sana kwa hilo. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kile kirefu cha kutoka tumboni, na kiwiko kikasahaulika. Immakulata alikuwa ubavuni kwake kabisa, paji kwa paji, naye anacheka, machozi yanamtoka.

Ilikuwa jioni nzuri. Ndiyo tabu yake.

Katikati ya wiki mjukuu wa Bazilio, mtoto wa miezi kadhaa tu, akakataa kunyonya. Alikuwa anapumua mbiombio, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Safina alimwona mara moja tu akasema hapa hakuna cha kusubiri, wakapakiwa kwenye gari mpaka hospitali Kabanga, akawekewa oksijeni. Immakulata aliposikia alibeba chungu cha uji akaelekea uzioni. Bazilio alikuwa amekaa kwenye gogo, kajifunga barakoa, kawa mdogo kama nguo iliyofuliwa vibaya.

"Usisogee, shemeji," akasema. "Weka hapo hapo."

"Mtoto?"

"Anapumua. Wanasema atapona." Akaipandisha barakoa puani. "Nimempa mimi. Nilitoka kwako, nimechangamka, nikamkuta macho, ananichekea. Nikambusu."

Immakulata aliweka uji chini, akarudi nyuma hatua chache, na mikono yake ikawa haijui pa kwenda. Maisha yake yote mtu akilia anamshika viwiko. Sasa alisimama tu pale, uzio katikati, mikono inaning'inia kama si ya kwake.

Jioni Winnie akapiga. "Mama, kesho kutwa tunakuja! Umeshapika?"

"Nimeshapika, mwanangu," akasema, macho yako kule uzioni.

Siku yenyewe ilipofika aliamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja, akachemsha maji. Kitenge kilikuwa kimefuliwa jana yake na Safina mwenyewe, kimekaukia juani kwake, kimepigwa pasi ya mkaa. Immakulata ndiye aliyeagiza hivyo, akidai mgongo unamuuma. Mgongo wake ulikuwa mzima. Kooni ndiko kulikuwa na kitu, kimeanza jana mchana, kidogo tu, kama unyoya wa kuku.

"Vumbi hili," akasema, akajikohoza.

Nduwayezu alikuwa anafunga kamba ya kiatu. "Vumbi."

"Si ndiyo kiangazi?"

"Mama Winnie, vumbi gani linakutetemesha hivyo na sweta mbili?"

"Nyamaza, baba we!" akamjia juu. Halafu akakaa kwenye kigoda. Angeweza kunywa chai ya tangawizi na kumeza kidonge. Angeweza kufunga barakoa na kumshika kidogo tu, dakika ile ya kwanza. Nani angejua? Amesubiri miaka yote hiyo. Amejibu maswali ya kisimani miaka yote hiyo. Mungu mwenyewe si ndiye aliyempa?

Akaiona tena akilini ile barakoa ya Bazilio.

Safina alipopita kuangalia wagonjwa, Immakulata alimwita akiwa mbali. "Mwanangu!"

"Abee, mama. Umeamkaje?"

"Salama." Akakoholea kiwikoni. "Siyo salama."

Safina hakumhubiria. Alisimama palepale njiani, akaangalia kile kigoda, chai, uwanja ulivyofagiliwa, akasema taratibu tu, "Pole, mama yangu. Pole sana." Kisha akaingia kazini. Mkeka na kiti vikapelekwa huko mbele karibu na barabara, chini ya mparachichi, kwenye upepo. Kigoda cha Immakulata na cha Nduwayezu, maana naye analala chumba kilekile, vikabaki mlangoni pa jiko, na wote wawili akawapa barakoa. Katikati uwanja mzima. Winnie akapigiwa, hakupatikana, tayari yuko njiani. Majirani wakatumiwa ujumbe kwa simu: hakuna kukaa, hakuna chungu. Immakulata akakifunika chungu kwa jani la mgomba na kukiwekea jiwe juu, kama anamfunga mtu mdomo.

Noah, gari la abiria la kutoka Kibondo, ikapiga honi. Winnie akashuka, kanenepa, kapendeza, Sylvesta nyuma na mabegi. Na kwenye mikono ya Winnie kulikuwa na furushi jeupe lenye kofia ya pamba.

Winnie hakuona viti wala nini. Akaja anakimbia, anacheka, kanyoosha mikono. "Mama! Pokea! Pokea mtu wako!"

Na mwili wa Immakulata ukainuka wenyewe. Mikono ikatangulia. Alikuwa keshavuka robo ya uwanja kabla hajajikuta anapiga kelele, "Simama hapo! Winnie, usinisogelee!"

Winnie akasimama kama kapigwa jiwe. "Mama?"

"Rudi nyuma. Rudi mpaka mparachichi."

"Mama, nimekukosea nini? Ni kwa sababu tumechelewa? Unajua barabara—"

"Naumwa." Barakoa ilikuwa imelowa machozi. "Mafua haya yanayoua watoto. Ninayo, mwanangu, ninayo, ningekudanganya ningekuwa nimeshamshika."

Sasa ndiyo Winnie akaona viti. Akaona na yule baba yake mlangoni, kafunga barakoa upande, ananyanyua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Winnie akakaa chini kwenye mkeka polepole, na akalia kama hajawahi kutoka nyumbani.

"Usilie, utamharibia maziwa," Immakulata akamwambia kutoka ng'ambo. "Mfunue nimwone. Siyo hivyo, jua linampiga. Mgeuze. Yoo! Baba Winnie, ona sikio!"

"Sikio langu," akasema Nduwayezu.

"Nani kasema? Lako ni la tembo!"

Basi ikaanza siku ya ajabu. Mtoto ananyonya kule, huku bibi anameza mate. Mtoto anapiga chafya, huku wazee wawili wanaruka. Majirani walikuja kuhemba lakini hakuna aliyeingia. Walipita barabarani mmoja mmoja, wakatundika vitu kwenye uzio: mfuko wa maharage, mkungu wa ndizi, samaki migebuka wakavu kwenye gazeti, jogoo kafungwa miguu amekasirika. Kila aliyetundika anapiga kigelegele akiwa mbali, anaenda zake. Bazilio alileta asali, akaita toka barabarani, "Shemeji! Wetu ametoka oksijeni jana!" na Immakulata akanyanyua mikono yote miwili juu, maana hakuwa na namna nyingine.

Jua lilipoanza kulala, Sylvesta akaangalia simu. Gari la Titye liko karibu.

Safina akanawa mikono kwa sabuni, akakitoa kile kitenge kwenye mfuko safi, akampa Winnie. Winnie akakishika, akakitambua, akakiweka shavuni.

"Mama, hiki si kile..."

"Mfunge. Kimenileta mimi, kimekubeba wewe. Mfunge mgongoni nione."

Winnie akainama, Safina akamsaidia kumweka, kitenge kikazunguka, kikafungwa. Kikaonekana kikofia cha pamba na ndege wale waliofifia. Immakulata akasimama. Akajishika mwenyewe viwiko. Akajibana kifuani upande huu, akajihamishia upande ule, akaanza kujisugua mikono juu chini, juu chini, na huku anamuuliza mtoto kwa sauti ya kupasuka kwa kikohozi: Amahoro, Mpawenimana? Urakomeye? Mama anakulisha vizuri? Baba anachomelea? Kibondo baridi vipi? Kuku wenu wangapi, wana jina?

Winnie akaelewa. Akamfungua tena, akamleta mbele, akamshika vile vimikono hapo juu ya viwiko vidogo. Kila Immakulata alipojibana, Winnie alimbana mtoto. Upande huu. Upande ule. Alipojisugua, akamsugua. "Amahoro, bibi," Winnie akaitikia badala yake, kila swali, mpaka kuku wa mwisho. "Amahoro. Amahoro."

Mtoto alikuwa anaangalia mwanga kwenye majani. Hakujua lolote.

Gari likaja, likabeba, vumbi likainuka, likatua.

Usiku homa ilimwangusha Immakulata kweli kweli. Wiki nzima hakujua jua linachomoza upande gani, Nduwayezu naye akafuata, majirani wakaacha uji uzioni. Kila siku Safina alisimama nje ya dirisha lililo wazi na kuuliza, na kila siku Immakulata alirudisha swali lake mwenyewe: Titye wanasemaje? Titye walisema mtoto mzima. Hakohoi. Ananyonya kama mwizi. Amebatizwa amefungwa kitenge cha bluu, padri akauliza hivi hawa ni ndege au ni mawingu.

Urwarwa uligeuka siki. Walimwaga chini ya mgomba.

Sasa hivi baridi imekwisha, mvua za kwanza zimepiga, watu wanapanda maharage. Makere wamerudia kusalimiana kwa mikono, na Immakulata amerudi barabarani na bodaboda wanazima pikipiki kama zamani. Lakini wenye macho wameona kitu. Akimaliza kukuuliza mbuzi wako wote na kukuachia, gari la kutoka Kibondo likipunguza mwendo pale njia panda, huyu mama anasimama. Anajishika viwiko, taratibu, wala hajui kama anafanya, anajisugua mikono juu chini, juu chini, mpaka gari lishushe watu wake na kuondoka.

Krismasi bado.